Chupa ya mzee ya mwaka 2008: tuimwage, tuiuze au tuifungue?

SWALI: Kaka, jambo. Mimi ni mama wa Bukavu, ninaishi Mechelen, Ubelgiji. Kwa miaka sita nilimtunza mzee mmoja nyumbani kwake, hadi alipofariki mwaka jana. Wiki chache kabla, alinituma kelder, chumba cha chini ya nyumba, nimletee chupa moja ya bia, akanikabidhi, akasema: hii ni yako, usiinywe peke yako. Ni Gouden Carolus Cuvée van de Keizer, chupa kubwa ya kizibo na waya, imeandikwa 2008, na ubavuni imechorwa mstari mweupe wa chaki. Mume wangu anasema tarehe imepita, tuimwage. Kijana wangu ameona kwenye mtandao watu wanauza za zamani, anataka tuuze. Watoto wa mzee watakuja Februari kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja, tutakuwa watano mezani, nami nafikiri tuifungue siku hiyo. Bado inanyweka? Na inaonjwaje? Bia ninayoijua mimi ni Primus, iwe baridi, basi.

JIBU: Dada yangu, jambo, na pole kwa msiba. Miaka sita ya kumlisha mtu na kumsikiliza, huyo ameshakuwa wako, hata kama mwisho wa mwezi ulilipwa.

Msiimwage. Msiiuze. Ifungueni Februari.

Nianze na shemeji, maana hofu yake ni ya mtu mwenye akili, ila ameielekeza kwa kitu kisichostahili. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, kinywaji chenye kilevi cha asilimia 10 au zaidi hakilazimiki hata kuandikwa tarehe ya kuisha. Bia hiyo ina asilimia 11. Kiwanda kikipenda kuandika tarehe, kinaandika, lakini soma maneno yanayoitangulia. Kwenye nyama ya kusaga utakuta "te gebruiken tot", yaani mwisho wa kutumia, ukipita hapo unacheza na tumbo lako. Kwenye bia utakuta "ten minste houdbaar tot", yaani hadi siku hiyo mwenye kiwanda anakuahidi kwamba ladha ni ile aliyoitengeneza. Baada ya hapo ahadi yake imeisha, si bia. Vijidudu vya kumdhuru mtu haviishi ndani ya kitu chenye kilevi hicho, uchachu ule na maua ya hopi, tena kisicho na hewa. Bia hii inaweza kuwa imekuwa mbaya mdomoni. Kukulaza hospitali, hapana.

Namwelewa shemeji kwa sababu nami nimekulia Moshi vijijini, na bia niliyoijua utotoni ilikuwa mbege. Ndizi zinapikwa, zinaachwa zichachuke siku kadhaa, unakuja uji wa ulezi, unatiwa ganda la msesewa kwa uchungu, na ikishakuwa tayari watu wanaitwa leo, si kesho. Kesho imeanza ugwadu. Keshokutwa babu yangu alikuwa akiitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa mno. Kwenu Bukavu mna kasiksi, bia yenu ya ndizi, na sidhani kama kuna mtu aliwahi kukuwekea kasiksi ya mwaka juzi. Kwa hiyo mtu akituambia bia imekaa zaidi ya miaka kumi na mitano na bado ni bia, damu inakataa. Mara ya kwanza nilipopewa bia ya miaka tisa hapa Antwerpen, nilidhani wenyeji wananifanyia mzaha.

Sasa, unajua bia hiyo imetoka wapi? Kwa mwendo wa miguu tu kutoka ulipo. Kiwanda cha Het Anker, pale Guido Gezellelaan, kwenye mtaa wa zamani wa wale wanawake walioishi kama watawa, walioitwa mabegijn. Wenyewe huhesabu historia yao kutoka mwaka 1471, mtawala Karel de Stoute alipowaruhusu mabegijn kupika bia bila kulipa ushuru kwa ajili ya hospitali yao. Kiwanda chenyewe kilinunuliwa na Louis Van Breedam mwaka 1872, na ukoo wake ndio ulio nacho mpaka leo. Carolus ni jina la sarafu za dhahabu za enzi za Kaisari Karel wa Tano. Alizaliwa Gent tarehe 24 Februari 1500, lakini alilelewa hapo hapo Mechelen, kwenye jumba la shangazi yake Margareta. Alikuja kutawala nusu ya Ulaya pamoja na makoloni ya Hispania ng'ambo ya bahari, akaugua jongo, akaanza kuachia madaraka mwaka 1555, akaenda kukaa jirani na watawa wa Yuste, Hispania. Hata huko alikwenda na mpika bia wake. Madaktari walimsihi aache. Hakuacha.

Basi mara moja kwa mwaka, tarehe 24 Februari, Het Anker wanapika bia ya kumkumbuka, nyeusi, nzito, ndiyo hiyo Cuvée van de Keizer, na wanaipiga chapa ya mwaka ili watu waiweke. Kwa hiyo bia mliyonayo ni bia ya siku ya kuzaliwa, na nyinyi mnakutana mwezi huo huo. Kama tarehe ya kumbukumbu inasogezeka, unajua pa kuisogeza.

Nisikudanganye lakini. Watu wa bia wana tabia ya kusema bia ya zamani "imeboreka". Mimi siamini hivyo. Imegeuka. Nanasi ukilikausha halijawa nanasi bora, limekuwa kitu kingine, kuna wanaolipenda kuliko bichi na kuna wasiolitaka. Ukitarajia Cuvée kama inavyouzwa dukani leo, yenye povu zito na joto la kilevi kifuani, utaona hii imekufa. Ukitarajia kitu kilicho katikati ya bia, mvinyo wa sheri na maji ya tende zilizolowekwa, utakaa nayo saa nzima.

Imegeukaje? Bia hii ilifungwa chupani ikiwa na chachu hai. Chachu ile ilikula sukari kidogo iliyobaki, ikatoa gesi, na kazi kubwa zaidi, ikanyonya hewa iliyoingia wakati wa kufunga. Hewa ndiyo adui wa bia, na chachu ilikuwa askari wa mlangoni. Baada ya miaka michache askari akafa. Chachu iliyokufa hupasuka taratibu na kumwaga vilivyomo ndani yake: vikiwa vichache, bia inapata uzito fulani wa supu ya mifupa, unaoupenda bila kujua unatoka wapi. Vikizidi, unakunywa mchuzi wa soya.

Wakati huo huo uchungu wa hopi unapungua mwaka hadi mwaka. Ile harufu ya ndizi mbivu iliyomo kwenye bia nyingi changa za Kibelgiji (ndiyo, ni kemikali ile ile iliyomo kwenye ndizi yenyewe, na ndiyo iliyonifanya mimi mtu wa mbege nizipende tangu siku ya kwanza) nayo inavunjika na kuondoka. Mahali pake panaingia zabibu kavu, tende, sukari guru, ngozi ya kiatu kipya. Na kizibo cha gome hakizibi kabisa. Kinapumua, kidogo mno, na hewa hiyo kidogo kwa miaka mingi ndiyo inayoleta ule usheri. Kuna kitu kimoja katika harufu ya bia nzee kinaitwa sotoloni. Ukitaka kukijua kabla ya Februari, ingia duka la Wahindi ununue uwatu wa euro moja, usage punje chache, unuse. Hiyo ndiyo sotoloni. Ukiikuta kwenye glasi yako usishangae nani katia mchuzi.

Yote haya yanategemea kitu kimoja kuliko vingine vyote, nacho ni mahali chupa ilipolala. Joto likipanda kwa nyuzi 10, mageuzi haya hukimbia mara mbili au zaidi. Chupa iliyolala kwenye kelder ya nyuzi 12 na pacha wake aliyekaa juu ya kabati la jikoni, baada ya miaka mitano si pacha tena. Nilijifunza kwa pesa yangu. Duka moja, sitasema la wapi, liliniuzia bia nyeusi ya miaka kumi na mbili kwa bei ya kuudhi. Lebo ilikuwa imefifia upande mmoja, nami badala ya kujiuliza kwa nini, nikaiona kama heshima ya uzee. Ilikuwa imefifishwa na jua la dirishani. Niliwaita marafiki wanne, nikahutubia, nikafungua. Ilinuka boksi lililonyeshewa. Si kidogo, boksi zima, na gundi yake. Mmoja wao kwa adabu akasema anapata "karatasi".

Hapa ndipo kijana wako anapopata jibu lake. Mnunuzi anayejua bia hatauliza kwanza mwaka, mwaka anausoma kwenye lebo. Atauliza: ililala wapi? Na hawezi kumwamini mtu yeyote kwa hilo, ndiyo maana chupa nyingi za zamani zinazotangazwa mtandaoni hukaa hapo hapo mtandaoni. Bei anayoomba mtu si bei aliyolipwa mtu. Nyinyi hamhitaji kumwamini mtu. Wewe mwenyewe ulishuka kelder ile miaka sita, unajua palikuwa baridi kiasi gani Julai, unajua kama palikuwa na taa. Ladha mtakayoikuta Februari ni ya kelder ile, na ya mtu aliyeamua kuiacha pale bila kuigusa. Mtu mwingine akiinunua, atanunua bia kuukuu tu.

Swali ambalo hukuliandika: tangu akupe, umeiweka wapi? Kama iko jikoni karibu na jiko au juu ya friji, itoe leo. Itafutie mahali penye giza na baridi, hata sakafuni kwenye kabati la nguo chumba kisichowashwa hita, na uisimamishe wima. Iache hivyo angalau wiki mbili, usiitingishe, usimwonyeshe kila mgeni. Chini kuna mashapo ya ile chachu iliyokufa, yanataka muda yatue.

Siku yenyewe, Primus uisahau kwa muda. Primus tunainywa baridi ili ituburudishe, na baridi hiyo hiyo ingefunga mlango wa harufu zote nilizokutajia. Hii inataka nyuzi 12 hivi kuanza, na itapanda yenyewe mezani. Mahali ulipoiweka pakiwa na joto la kawaida la nyumba, itie friji kwa muda, imesimama, mpaka ipoe kiasi hicho, halafu uitoe. Glasi za mvinyo mwekundu zinafaa sana, zile zenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo. Zisuuze kwa maji ya moto matupu, uziache zikauke zenyewe, maana sabuni iliyobaki huua povu, na bia ya umri huu povu lake tayari ni la kuombea.

Kufungua. Waya hulegea kwa kuzungusha kijiti chake nusu duara mara sita, kidole gumba kikiwa juu ya kizibo muda wote, kwa desturi tu, maana sitegemei kirushe mtu jicho. Funika kwa kitambaa, shika kizibo kwa nguvu, uzungushe chupa, si kizibo. Bia changa ingelia "pwa!". Yako ikisema "fsss" kama mtu aliyekaa baada ya safari, tosheka. Isiposema kitu, usikate tamaa, imepoteza gesi tu. Hatari kubwa ni kizibo kukatika. Kikigoma, usikivute kwa hasira, chukua kizibuo cha mvinyo, kipenyeze katikati taratibu. Kikisagikia ndani, mimina kupitia kichujio cha chai na maisha yaendelee. Halafu kinuse upande uliokuwa ndani. Kikinuka tende na mvinyo, vizuri. Kikinuka ukuta wenye ukungu, kuna uwezekano ukungu huo umo kwenye bia pia, na hapo hakuna mtu wa kulaumiwa.

Mimina kwa mkupuo mmoja, polepole, glasi tano, bila kuirudisha chupa wima katikati, kwa sababu kila ikirudi mashapo yanapanda. Kwa hiyo zipangeni glasi karibu karibu kabla. Chupa ni sentilita 75, kila mmoja sentilita 15. Kidogo? Piga hesabu: sentilita 15 za asilimia 11 zina kilevi sawa sawa na chupa ndogo nzima ya sentilita 33 ya bia ya asilimia 5. Mwambie shemeji, asije akadhani amenyimwa. Na atakayewarudisha wageni kwa gari asubiri glasi ya maji.

Sasa kuonja. Nitakusimulia tu nilichokikuta mimi kwenye chupa kama yenu, ya miaka kumi na moja, kwa rafiki yangu mwenye kelder nzuri, halafu utalinganisha.

Kwenye glasi ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, lakini nilipoiinua mbele ya mshumaa ikatoa wekundu pembeni, wekundu wa rozela. Povu lilikuwa pete nyembamba tu ukingoni, la rangi ya kahawa ya maziwa, likaondoka kabla hatujamaliza kuomba dua ya chakula. Nilinusa bila kutikisa: zabibu kavu, kwanza kabisa, zile za kwenye pilau zilizovimba kwa mafuta. Nikatikisa kidogo: tende, sukari guru inayoanza kuungua, na nyuma yake kitu cha ubani wa mbali, au tumbaku, sikukubaliana na mwenyeji wangu. Mdomoni ilikuwa laini kuliko nilivyojiandaa. Kilevi hakikupiga, kilipita kama joto la chai. Katikati ya ulimi palikuwa na utamu, lakini haukukaa, ulikatwa na ugwadu mdogo wa ukwaju, na hiyo ndiyo dakika niliyoelewa kwa nini watu wanajisumbua. Kisha ikaacha ladha ya maganda ya kahawa na ule uzito wa supu niliokwambia. Dakika ishirini baadaye, glasi iliposhika joto la mkono, ilikuwa halua. Sisemi kama halua, nasema halua, ile nyeusi ya Zanzibar, na nazi muskati yake.

Usiwasomee wengine orodha hiyo. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeliona likiharibu meza nyingi: anayesema wa kwanza ndiye anayewaonjea wote. Akisema "tende", wote wanapata tende. Acheni kila mmoja anuse kimya, anywe mara moja, anywe mara ya pili (ya kwanza ulimi unasema tu "kilevi!"), ndipo mzungumze. Na usione haya kusema kwa maneno ya kwenu. Wabelgiji watataja matunda ya kwao ambayo mimi nilikaa miaka kumi hapa bila kuyajua kwa ladha. Wewe ukisema inanuka kama ndizi zilizovundikwa shimoni, au kama moshi wa jiko la makaa la mama yako asubuhi, umeonja sawasawa.

Kama mfuko unaruhusu, nunua na Cuvée ya karibuni, hapo hapo kiwandani. Siku hizi lebo inaitwa Imperial Dark. Anzeni nayo, kila mtu vidole viwili tu, ndipo ya 2008. Bila changa pembeni, uzee wa ile nyingine hauonekani, utaiona tu kuwa bia ya ajabu. Zikiwa mbili, mtaona uchungu ulioondoka, gesi iliyoondoka, na kilichokuja kukaa mahali pao.

Na ikiwa imeharibika? Inawezekana, niwe mkweli. Ikinuka boksi, kama yangu, kunyweni kidogo kwa heshima, basi. Ikiwa na soya nyingi, itieni mezani na chokoleti nyeusi, mara nyingi inanyooka. Ikiwa siki, mpeni anayependa siki, daima yupo mmoja. Ikiwa nzuri ila imelala kabisa bila gesi, nitasema jambo litakalowaudhi baadhi ya wenzangu: chukua glasi moja, ongeza kidogo ile changa, robo moja kwa robo tatu za nzee. Watengenezaji wa gueuze kule bonde la Zenne, karibu na Brussels, huchanganya lambiki, bia kali ya kwao inayochachushwa na chachu ya hewani, ya mwaka mmoja, ya miwili na ya mitatu, changa inaleta gesi, nzee inaleta ladha, na hakuna anayewaita wahalifu. Ila glasi moja tu. Nne zilizobaki ziacheni kama mzee alivyoziacha.

Chakula: msile nayo sombe (kisamvu) na pilipili, nakusihi. Pilipili na kilevi cha asilimia 11 vinawashana, hutaonja kimoja wala kingine. Hiyo ije baadaye na Primus yako. Kabla ya hapo weka jibini kavu ya zamani, ile ngumu yenye vipunje kama chumvi, tende chache, chokoleti nyeusi isiyo na maziwa. Watoto wa mzee bila shaka watataka stoofvlees, ile nyama ya kupikwa polepole kwenye bia. Pika, lakini kwa bia changa. Nimewahi kuona mtu akimimina chupa ya miaka minane kwenye sufuria ya nyama, na bado sijamaliza kumsamehe.

Nimeuacha mwisho ule mstari wa chaki, kwa sababu ndio uliniambia mengi kuliko yote uliyoandika. Watengenezaji wa lambiki, ambao zamani chupa zao hazikuwa na lebo, walikuwa wakipiga mstari mweupe upande wa juu wa chupa iliyolazwa. Chupa ikihamishwa, popote inapokwenda, inalazwa tena mstari ukiwa juu, ili mashapo yabaki upande ule ule yalipotua tangu mwanzo. Cuvée van de Keizer haihitaji mstari huo, ina lebo, na wengi tunaisimamisha. Mzee wako alikuwa mtu wa lambiki, na aliitendea hii kama alivyozoea kuzitendea zile. Kwa hiyo ililala ubavu, miaka hiyo yote, na sehemu ya mashapo imegandia upande wa pili wa mstari. Hata ukiisimamisha wiki mbili, ile iliyoganda haitatoka yote.

Basi siku hiyo, ukiinamisha chupa kumimina glasi ya kwanza, mstari wa chaki uwe juu, unakutazama wewe. Usiufute kabla.